Gari yangu ilinisahau Kericho

Desemba iliyopita nilitoka Nakuru asubuhi na mapema na watoto wangu wawili tukienda kwa mama Luanda, njia ni ile ile ya kila mwaka, Salgaa, Mau Summit, Londiani, na tulipofika Kericho mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao isiyo na haraka, tukasimama tunywe chai. Hatukukaa sana. Lakini mmoja wetu aliacha taa ya ndani ikiwaka na betri ilikuwa ishazeeka bila mimi kujua, tukarudi tukapata gari haiamki kabisa. Kwa wasiojua, gari yangu ni haibridi, ya petroli na umeme, na haibridi iko na betri mbili, ile kubwa ya kusukuma gari na kadogo ka volti 12 ka kuamsha kompyuta, na hako kadogo kakilala hata kubwa ikiwa imejaa pomoni hamwendi popote.

Dereva wa Probox aliyekuwa anangoja abiria akatujampia kwa betri yake, Mungu ambariki, na hakutaka hata shilingi. Gari ikaamka. Ila skrini ya katikati ikaja nyeusi na maandishi ya Kijapani na kisanduku cha kuweka namba, na nikibonyeza chochote inarudi pale pale. Redio imekufa, simu haishiki, na ile kamera ya kurudi nyuma nayo imekufa kwa sababu picha yake inapitia hiyo hiyo skrini. Nyuma yangu kulikuwa na lori na mtaro. Binti yangu wa miaka 11 akashuka kwa mvua akasimama nyuma akinielekeza kwa mikono, na mimi kwa kioo cha pembeni chenye matone naona tu koti lake jekundu. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Kesho yake nikaipeleka Kisumu, Kibuye, kwa fundi wa waya ambaye ndugu zangu humpelekea magari yao. Akaangalia skrini kama sekunde tano.

"Fundi, imeharibika?"

"Hapana mwalimu. Haina ubaya wowote. Imekusahau tu. Betri ilipokufa ikadhani imeibwa, sasa inataka ile namba yenye ilipewa mwenyewe wa kwanza."

Mwenyewe wa kwanza ni mtu fulani huko Japani ambaye simjui na hatanijua. Fundi akapiga picha ule mfululizo wa herufi na namba ulio juu ya skrini, akamtumia jamaa mwingine Nairobi mwenye programu ya kukokotoa jibu, tukangoja kama saa moja na nusu hivi, jibu likaja kwa WhatsApp, akaingiza, skrini ikafunguka na yule mama wa Kijapani wa kadi ya tol akaanza kuongea kama kawaida. (Mwenye gari kutoka Japani anamjua huyo mama. Kila ukiwasha anakukumbusha kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, barabara ambayo iko bara lingine kabisa. Kijana wangu ameikariri hiyo sentensi yote.) Nikalipa 1,500, nikashukuru, nikaendelea na likizo.

Lakini kitu kilibaki kinanikereketa. Hii gari nimeinunua kwa mkopo wa sacco wa miezi 48, logbuku iko na jina langu, bima jina langu, faini ya mwendo kasi ikija itakuja kwangu. Na bado ndani yake kuna mlango ambao ufunguo wake sikupewa, na yule aliyeniuzia pale yadi hakuwa nao, na aliyeileta Mombasa hakuwa nao. Ni jamaa wawili wa jua kali na simu zao ndio walinirudishia kitu changu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 504, ile ya steshen-wageni, akibeba watu kati ya Kisumu na Nakuru. Mnaikumbuka nyinyi wa umri wangu na zaidi. Ni ile ile familia ya 504 iliyoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na wazee wa stendi walikuwa wanalisema hilo kana kwamba wao ndio waliendesha. Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini kabureta alikuwa anaifungua juu ya gunia kando ya barabara pale Awasi, anaipuliza kwa mdomo, anarudisha, tunaenda. Platini, zile za kukata umeme wa cheche, alikuwa anazipima nafasi kwa kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara na hata hakuwa anavuta. Sisemi ile gari ilikuwa nzuri kuliko hii, ilikuwa inakunywa mafuta na ilikuwa inatuangusha mara mbili kwa mwezi na haikuwa na begi la hewa hata moja. Ninachosema ni kwamba ilipoharibika, ubaya wake ulikuwa mbele ya macho yako, na kama hukuweza wewe kuna mtu kijiji kinachofuata aliweza, na hakuna aliyehitaji ruhusa ya mtu wa ng'ambo ili aweze.

Sasa wacha niseme kitu ambacho nimekifikiria tangu hiyo Desemba na naona watu hawakisemi. Sheria yetu ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kile kiwango cha KS 1515, inasema gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ilitungwa kwa sababu nzuri, tusigeuzwe jaa la mikebe. Lakini wengi wetu hatununui gari ya miaka miwili, tunanunua ile ya miaka 7 au 8 kwa sababu hiyo ndiyo mkopo unafika. Yangu ni ya 2016, iliingia 2023. Na hiyo miaka 7 au 8 ndiyo karibu pale mtengenezaji anapomaliza hesabu zake za kompyuta ya gari. Chuma kimetengenezwa kiishi miaka 20, injini ya Mjapani ukiibadilishia oili inakuzika. Ila modemu, ramani, laini ya simu iliyo ndani, seva, ile kompyuta ya kampuni inayoongea na gari, hivyo vyote vimehesabiwa kwa maisha ya yule mtu wa kwanza. Yaani gari inazaliwa kwetu siku ambayo kwao imeandikiwa cheti cha kifo, na sisi ndio tunaanza kulipa mkopo.

Tuanze na hiyo laini. Gari za kisasa ziko na modemu ndani, ndiyo inafanya uweze kufungua mlango kwa simu, kuona chaji iko ngapi, kupokea apdeti, yaani programu mpya, na gari kupiga simu yenyewe ukipata ajali. Modemu ikiwa ni ya 3G, ule mtandao wa simu wa zamani, na kampuni za simu zikiuzima, hakuna fundi duniani wa kukusaidia bila kubadilisha hicho kifaa chote. Marekani AT&T walizima 3G yao Februari 2022 na magari mengi yakapoteza hizo huduma kwa siku moja. Japani KDDI walizima Machi 2022, na NTT Docomo wakatangaza mwisho wa yao kuwa 31 Machi 2026. Uingereza, wenye Nissan Leaf za mwanzo mwanzo, gari za umeme, waliambiwa programu yao ya simu inafungwa Aprili 2024 kwa sababu modemu zao ni za 2G, hakuna kupasha joto gari asubuhi ukiwa kitandani, hakuna kuangalia chaji. Leaf za umri huo zinapita hapa Kenyatta Avenue kila siku. Hakuna kilichoharibika kwa gari hata moja kati ya hizo.

Hata saa. 1 Januari 2022 watu wenye Honda na Acura za kati ya 2004 na 2012 waliamka wakapata saa ya gari imerudi mwaka 2002, na kila wakirekebisha inarudi. Sababu ni tamu kwa mwalimu wa fizikia kama mimi, mfumo wa GPS wa zamani unahesabu wiki hadi 1,024 alafu unaanza tena sufuri, hiyo ni kama miaka 19 na nusu, na aliyeandika programu ya hiyo saa aliweka mahali pa kuanzia kuhesabu na hakufikiria kuna mtu atakuwa bado anaendesha hiyo gari hesabu ikigonga mwisho. Kampuni ikasema itajirekebisha Agosti. Watu wakakaa miezi nane hivi na saa ya uongo. Ni kitu kidogo, najua, hakuna aliyeumia. Mimi kinaniuma kwa ile kufikiria: kuna mtu alikaa ofisini akaamua gari yangu haitafika huko.

Ya Tesla, wale Wamarekani wa gari za umeme, ndiyo nilielewa zaidi kwa sababu inafanana na yangu. Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na kumbukumbu ya GB 8, kachip kadogo ka aina ile ile iko kwa simu, na hako kachip kila ukiandika kitu juu yake kanachakaa kidogo, kana idadi ya mara kanaweza kuandikwa na kufutwa kabla hakajachoka. Sasa kompyuta ya gari ilikuwa inaandika kumbukumbu zake mchana na usiku, mstari juu ya mstari, hadi chip ikachoka baada ya miaka mitano au sita, na ikichoka skrini inazima, na skrini ikizima kamera ya nyuma inaenda nayo. Wenye mamlaka wa usalama barabarani Marekani wakashikilia hiyo ni hatari, si mambo ya starehe, na Februari 2021 magari kama 135,000 yakaitwa yarudi yarekebishwe. Nilipoisoma niliona tena lile koti jekundu kwa mvua. Tofauti yao na mimi ni kwamba wao walikuwa na ofisi ya serikali iliyosema kamera ya nyuma isiyofanya kazi ni kasoro.

Na kampuni yenyewe ikifa je? Fisker ya Marekani ilifilisika Juni 2024 na kuacha watu na magari ya Ocean, mapya kabisa, mengine hata mwaka hayajamaliza, yanayotegemea seva na apdeti za kampuni ambayo haipo. Wenyewe wakaungana wakaunda chama chao ili watafute spea na programu. Hebu fikiria umenunua gari mpya alafu inabidi uwe mwanachama ili iendelee kuwa gari.

Huwa nafundisha kidato cha pili kuhusu balbu, na kila mwaka nawaambia habari ya Phoebus, kile kikundi cha kampuni za balbu kilichokubaliana 1924 kule Geneva kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, na mwenye kutengeneza ya kudumu zaidi analipa faini. Wanafunzi hukasirika kweli. Lakini angalau wale walilazimika kuutengeneza ule uzi uwe dhaifu, walifanya kazi. Siku hizi hakuna haja ya kudhoofisha kitu chochote. Gari inabaki ngumu vile vile, mtu anazima seva tu, au haizimi hata, anaacha kuandika apdeti.

Na apdeti ndiyo ilinipeleka Nairobi. Februari taa ya breki za kujizuia, zile za kuona kitu mbele na kusimama zenyewe, ilianza kuwaka na kuzima. Fundi wangu wa hapa Industrial Area, Nakuru, akaweka mashine ya daiagnosisi akasema sensa iko sawa, nyaya ziko sawa, hii inataka programu mpya na mimi sina. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaipeleka kwa wakala rasmi wa kampuni iliyoitengeneza, ambaye simtaji hapa. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu sana. Akaandika namba ya chesisi, akangoja, akaandika tena.

"Madam, hii gari haiko kwa sistimu."

Gari iko pale nje, naiona kwa dirisha. Mkubwa wake akatoka akanieleza kwamba wao mashine yao inatambua tu gari walizouza wenyewe hapa, hii yangu iliundiwa soko la Japani, kwa hivyo hawawezi kuigusa. Nikarudi Nakuru. Jioni nikaingia kwa tovuti ya Kijapani ya kampuni, simu inanitafsiria, nikaweka ile namba ya chesisi, na majibu yakaja: kuna marekebisho ya programu yalitolewa kwa gari za aina hii, bure, na kwa chesisi yangu hayajafanywa. Yaani dawa ipo, jina langu la mgonjwa lipo, hospitali inasema sikuzaliwa.

Msidhani ni ya kwangu peke yangu. Februari 2014 Toyota waliita Prius milioni 1.9 duniani, karibu milioni moja zikiwa Japani kwenyewe, kwa sababu programu iliyokuwa inaendesha mfumo wa haibridi ingeweza kuchoma transista na gari ikapoteza nguvu au kusimama njiani. Oktoba 2018 wakaita tena, zaidi ya milioni 2.4, Prius na ndugu yake Auris, kwa tatizo la programu linalofanana na hilo. Gari iliyopita karakana huko kabla ya kupanda meli ikaja na programu mpya. Ambayo haikupita ikaja na ile ya zamani, na zote mbili zinashuka Mombasa zimeng'arishwa, na mnunuzi anaangalia rangi na kilomita. Na ukiangalia ukaguzi unaofanywa kule kabla gari kusafirishwa, unaangalia kutu, breki, taa, miale. Swali la kama gari ina deni la programu linaweza kujibiwa kwa dakika mbili na namba ya chesisi, bure, na hakuna anayelazimishwa kuliuliza.

Nataka niseme haki pia, sichukii apdeti. 2018 jarida la Consumer Reports lilipima breki za Model 3 ya Tesla likasema zinachukua mbali sana kusimama, na ndani ya siku chache kampuni ikatuma programu kwa hewa na gari ile ile ikasimama karibu futi 19 mapema. Futi 19 pale Salgaa ni mtu mzima na baiskeli yake. Na 2015 wale watafiti wawili wa Marekani waliingilia Jeep Cherokee kwa mtandao ikiwa kwenye barabara kuu, wakaizima, magari milioni 1.4 yakaitwa. Kwa hivyo naelewa kwa nini kompyuta ya gari inafungwa na kwa nini kanuni mpya za Umoja wa Mataifa, namba 155 na 156, zinataka apdeti zilindwe. Funga, sawa. Lakini kufuli ya nyumba yangu funguo nakaa nazo mimi.

Kuna kijana jirani ya mama, ana bodaboda ya mkopo yenye kile kifaa cha kuizima kwa mbali. Mwezi wa tatu mtoto wake alilazwa akachelewesha malipo siku mbili, pikipiki ikazima akiwa Maseno na abiria. Yeye hakulalamika sana, akaniambia "mama, mimi niliweka sahihi, nilijua." Na ni kweli, hata simu za kulipa kidogo kidogo zinafungwa hivyo hivyo. Kilichonigusa ni hilo neno, nilijua. Mimi gari yangu hakuna karatasi niliyoweka sahihi inayosema kuna siku itaacha kunitambua. Na sasa tunaelekea gari na pikipiki za umeme, ambazo betri yenyewe inaongea na seva, ambapo programu ikifungwa kinachokataa ni chaji, na bila chaji hiyo ni mabati. Kama hatujapanga hili sasa wakati ni redio na kamera, tutapanga lini?

Massachusetts wananchi walipiga kura 2020 na karibu robo tatu wakasema data inayotumwa na gari kwa mtandao mwenye gari aipate na fundi anayemchagua aipate, na kampuni zikakimbia kortini kupinga. Sisi wabunge wetu hata hawajaulizwa. Mimi ningeanza na vitu vidogo ambavyo mtu wa KEBS anaweza kuviandika bila kusafiri: gari isipande meli kama ina marekebisho ya programu yanayosubiri, namba ya kufungulia skrini iandamane na cheti cha usajili wa Japani, na wakala yeyote anayebeba jina la kampuni hapa Kenya asiruhusiwe kumwambia mtu gari yake haiko.

Aprili likizo ilipofika nilipitia Kibuye tena, safari hii gari nzima, taa tu ya breki bado inawaka na kuzima. Fundi alinionyesha daftari lake, lile la kurasa 96 la shule, limechakaa pembe zote. Kila gari iliyowahi kufungwa akaifungua ameiandika kwa kalamu, namba ya chesisi upande mmoja, namba ya kufungulia upande mwingine, kwa sababu anasema jamaa wa Nairobi anaweza kuhama au hiyo programu yake siku moja ikataka apdeti. Akaniuliza kama naweza kumsaidia kulichapa kwa kompyuta, mvua isije ikaliharibu. Nimelikaa nalo wiki mbili sasa, jioni nikimaliza kusahihisha vitabu naandika ukurasa mmoja au miwili, binti yangu ananisomea namba mimi naziingiza alafu tunazirudia tuhakikishe. Yetu tuliifikia juzi, iko ukurasa wa 61.